Mimea Iliyomfikisha Jirani Yangu Kizuizini

Juzi nimepata habari kwamba amefariki yule fundi wa maabara, Mkenya, aliyekuwa jirani yangu mtaani Luzira, kando ya ziwa, enzi zile wanajeshi walipotutawala. Amekufa kwao, mzee, wanawe wamemzunguka. Jamaa wananiambia tushukuru. Mimi nimeshikwa na hasira, tena hasira ya siku nyingi.

Barazani kwake alipanga mabeseni na chupa za mimea midogo aliyoichota kwenye vinamasi vya ziwa. Haikuwa na mizizi. Ilikuwa na vifuko vidogo kama punje za ulezi, na kiluwiluwi wa mbu akigusa kinywele cha mlangoni, kifuko kinafunguka kinamvuta ndani. Aina moja ilielea na kuchanua manjano. Nyingine, ya zambarau, ilitaka tope tu. Ya tatu ilimsumbua miaka miwili, na siku ilipotoa ua alinigongea mlango kama mtu aliyepata mtoto. "Ndugu yangu, njoo uone!" Alinifundisha zote, moja baada ya nyingine, nami nikazipenda.

Alasiri moja wakaja askari wanne. Mtu alikuwa amewanong'oneza kwamba yule fundi anatengeneza sumu.

"Wewe Mkenya, hii majani iko ya kazi gani?"

"Inakula viluwiluwi, afande. Naisoma tu."

"Majani nakula nyama? Wewe nadanganya serikali!" Mkubwa wao akanigeukia mimi niliyesimama uani. "Na wewe, najua hii kitu?"

Nikajibu, "Sijui, afande."

Wakamwaga mabeseni, wakakanyagakanyaga. Beseni la mwisho wakamnywesha maji yake, waone kama atakufa. Hakufa, wakamchukua hivyo hivyo. Alirudi baada ya miezi mitatu, meno ya mbele hana, akaja kuniaga kabla ya kurejea kwao. "Ungesema tu, ndugu yangu," akaniambia. "Labda wangetupiga sote wawili. Lakini ningekuwa na shahidi."

Leo tukikutana sisi tulioishi enzi zile, tunamlaani mtawala yule wa kijeshi na bunduki zake, kisha tunaagiza chai, mioyo imetulia. Inanichefua. Wale askari hawakujua mmea ule ni nini, na asiyejua huweza kufundishwa. Mimi nilijua. Nchi ile haikuangamizwa na wajinga peke yao. Tuliiangamiza pia sisi tuliojua, tukaulizwa, tukajitia ujinga.