Mhojiwa Mmoja, Asaimenti Tano

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi, na ndipo shida zilipoanza. Baba alipanda mkorosho kule Namasakata kupunguza matawi, tawi alilokanyaga likakatika, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya misheni Mbesa mpaka tukazoea kula bila yeye, akarudi na magongo mawili. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Jembe lake likahamia kwangu, na shule ikaishia hapo. Siku ya kwanza nilifurahi, nisiseme uongo, maana mwalimu wetu alikuwa mkali na mimi nilikuwa mtoro. Kujuta nilikuja kujuta baadaye, nilipofika Songea mjini nikiwa kijana, nikasimama mbele ya milango miwili ya choo cha soko bila kujua upi wa wanaume. Nikajifundisha kusoma mwenyewe, kwa karatasi za gazeti walizofungia maandazi.

Kazi yangu ni matofali ya kuchoma. Nimefyatua, nimepanga tanuri, nimechoma, nimeuza, na nyumba nyingi za Mjimwema zimesimama kwa udongo niliokanyaga kwa miguu hii. Anayebisha aje, nitamwonyesha moja moja. Sikurithi kitu na sikupewa na mtu.

Sasa, mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu mkubwa, yule anayekaa Namasakata na mikorosho. Alikuja kukaa kwetu ili asome chuo hapa mjini, kozi ya maendeleo ya jamii. Baba yake alimleta mwenyewe, akasema mbele yangu na mbele ya bibi yake, "Nina wengine watatu nyuma yako. Ukirudia mwaka, unarudi nyumbani, zamu inakuwa ya mwenzio." Binti akaitikia. Mimi nikamwambia mwanangu aende salama, hapa hakuna mtu wa kurudia mwaka.

Nyumbani tunataniana. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu, na mke wangu wa kweli, bibi yake, anamwita mke mwenza na kumpa vyombo aoshe.

Muhula wa pili zikaja asaimenti. Nilidhani chuoni mtu anasoma jambo moja. Kumbe huyu alikuwa na ujasiriamali, lishe, jinsia, utatuzi wa migogoro, na kusimamia miradi, kila moja na mkufunzi wake, na kila mkufunzi anataka karatasi yake wiki hiyo hiyo. Ya sita ilikuwa ya kompyuta. Hiyo sikuigusa, nilikaa kimya kama niko msibani.

Akarudi na daftari, amenuna.

"Babu, wote wanasema nenda kwenye jamii, tafuta mtu, mhoji."

"Jamii ndiyo nani?"

"Ndiyo nyinyi. Watu wa mtaani."

"Basi umefika. Kaa."

"Babu, ni asaimenti tano."

"Hata kumi. Utoke hapa ukaulize watu baki wakati mimi nipo? Wao wana nini nisichokuwa nacho?"

Bibi yake alikuwa anachambua likolo, ndiyo mboga za majani kwa lugha ya kwao Wangoni, watani wetu sisi Wayao. Akasema bila kuinua kichwa, "Muulize. Utajaza daftari, hilo sikatai."

Ukweli ni kwamba nilifurahi mno. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunikalisha kitini akaandika ninayosema. Binti akaandika juu ya karatasi ya kwanza: Mhojiwa, mwanamume, miaka sitini na moja, elimu darasa la tatu, mkazi wa Mjimwema. Nikamuuliza jina langu liko wapi. Akasema sheria ya chuo ni kumficha mhojiwa jina. Haya.

Tukaanza na ujasiriamali. Nikamweleza nilivyoanza na kalibu moja ya mbao, nikamwambia nafyatua matofali tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kila siku ya Mungu, na nafuga kuku arobaini ambao mayai yao yote nauza. Kuku walikuwa kumi na tisa. Lakini mkufunzi anataka mjasiriamali, utampa kumi na tisa?

Kesho yake lishe. Nyumba hii mmekula nini siku saba? Nikasema kila asubuhi kila mtu yai lake, mchana samaki, matunda baada ya chakula.

"Samaki yupi, mume wangu?" bibi akauliza kutoka jikoni. "Wa Jumatatu au yule tuliyemwona barabarani?"

"Wewe pika."

Jinsia ndiyo ilikuwa tamu. Unapanga saa za siku, mwanamume anafanya nini, mwanamke anafanya nini. Nikajipa kuchota maji asubuhi, na saa saba mchana nikajipa kusonga ugali. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye migogoro nikasema watu wa mitaa mitatu wananifuata kila siku saa saba mchana niwapatanishe, na kwamba ugomvi wangu wa mpaka na jirani niliumaliza kwa hekima.

Ya tano, ya miradi, aliambiwa akadirie vifaa vya kujenga choo cha shule chenye matundu mawili. Hapo sikutia chumvi hata punje. Tofali silitanii. Nikampa kuta, nikampa msingi, nikampa yanayovunjika njiani, vyote kutoka kichwani, yeye akijumlisha kwenye simu na kunitazama kwa jicho la kutoamini.

Binti alijua. Kila siku anawalisha kuku wale, atakosaje kujua idadi yao? Mara mbili alisimamisha kalamu akasema, "Babu, niandike hivyo hivyo?" Nikamwambia, "Andika. Unamfundisha mhojiwa?"

Akaandika, akakusanya.

Wiki mbili baadaye alirudi mchana, akaingia chumbani bila kunitania. Bibi ndiye aliyemtoa maneno. Wakufunzi wanasahihishia ofisi moja, wakasomeana karatasi, wakakuta mhojiwa ni yule yule katika zote. Mkufunzi wa jinsia alimwita akamwambia: mtu wako anafyatua matofali saa saba mchana, saa saba hiyo hiyo anasonga ugali, na saa saba hiyo hiyo anapatanisha mitaa mitatu. Mtu wa namna hiyo hayupo. Umemtunga ukiwa kitandani. Alete maelezo kufikia Ijumaa, la sivyo zote tano ni sifuri. Na kwa sifuri hizo haingii chumba cha mtihani, anarudia mwaka.

Mimi nilisikia neno moja tu katika yote.

"Hayupo? Mimi sipo?"

Ijumaa nikavaa kofia ya kuswalia na koti. Nilimkataza bibi asije. Akaja, akitembea hatua kumi nyuma yetu kama hatujui.

Ofisi ilikuwa na meza nne. Mkufunzi wa jinsia ni mama wa makamo, Mngoni wa hapa hapa, na pembeni yake kijana wa ujasiriamali mwenye miwani. Mama akainuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja, mwalimu. Mimi ndiye yule asiyekuwepo."

Akacheka, akanivutia kiti. "Kumbe mhojiwa wetu ni Myao, lafudhi haifichiki! Ndiyo maana. Mtani, leo umeingia kwenye mikono yangu."

"Wangoni mlishindwa kutuweza zamani, leo mnatumia karatasi."

Nikaona mambo yameisha. Mtu nipo, nimeonekana, twende nyumbani. Lakini akavuta zile karatasi akazipanga mezani, utani ukakatika.

"Mzee, hatusemi tena kuwa hupo. Sasa swali ni la huyu binti. Saa saba mchana hapa unafyatua, hapa unapika, hapa unapatanisha watu. Mayai hapa yameuzwa yote, hapa yameliwa yote." Akamgeukia mjukuu wangu. "Uliyaandika wewe?"

"Niliyaandika, madamu."

"Uliambiwa au ulitunga?"

Binti aliinama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Kama uliambiwa hivi, sema niliambiwa. Kama ulitunga, sema nilitunga."

Akasema polepole, "Madamu, nipeni sifuri. Nitarudia."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilichelewa. Yeye alikuwa na jibu mdomoni, neno moja, niliambiwa. Angelisema, babu yake angekuwa mwongo mbele ya wasomi. Akaona bora arudi Namasakata. Mwaka mzima, na wadogo zake kumpita, ili mimi nitoke mle ofisini na kofia yangu imekaa sawa.

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Jirani yangu anajua, na bibi anajua zaidi. Lakini nilivua ile kofia.

"Mwalimu, weka kalamu chini," nikasema. "Huyu hakutunga. Aliyetunga ni mimi."

"Unasema?"

"Nasema wallahi. Kuku si arobaini. Kumi na tisa. Mayai tunauza mengi, tunakula mawili matatu wageni wakija. Samaki ni mara moja kwa wiki, wiki nzuri. Mpaka wa jirani sikumaliza kwa hekima, niling'oa ua wake wa minyaa mchana kweupe, mwenyekiti wa mtaa akanisimamia nikaupanda upya kwa mikono yangu, watoto wakinicheka. Na watu wa mitaa mitatu hawanifuati. Alinifuata mmoja, alikuwa anauliza njia."

Kijana wa miwani akainamia meza, mabega yanatikisika.

"Na maji?" mama akauliza. "Na kusonga ugali?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka mlangoni. Bibi alikuwa amesimama na kanga yake. "Maji alichota nilipojifungua mtoto wa pili. Ndoo moja. Akamwaga nusu."

Ofisi nzima ikalipuka. Mjukuu wangu naye akacheka, machozi yanamtoka, akaziba mdomo kwa mkono. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nimechekwa maishani mara nyingi, lakini siku ile kicheko hakikuniuma hata kidogo.

Mama yule alipopangusa macho akarudi kuwa mkufunzi. Akamwambia binti: kosa lako ni kuandika ulichojua si kweli kwa sababu anayesema ni mkubwa. Ukiingia kazini utakutana na wazee kama huyu kila kijiji, utawaandikia serikali kuku arobaini? Akampa mpaka Jumatatu azirudie nne, na kila moja alama zinapunguzwa. Ya tano ikabaki. Kijana wa miwani akasema hesabu ya kile choo aliipeleka kwa fundi mwenye diploma, zikapishana tofali chache tu.

"Chache ngapi?" nikauliza.

"Sitini na kitu, mzee."

"Mwambie arudie. Amesahau yanayovunjika njiani."

Jumamosi ile binti alinifuata siku nzima na simu yake na daftari, hataki kuambiwa, anataka kuona. Nikikaa, anaandika. Nikiinuka, anaandika. Nilipokwenda kucheza bao alisimama pale kibarazani na wazee wenzangu wakaniuliza kama nimekamatwa. Jioni akatusomea: bibi amefanya kazi saa kumi na nne, mimi saa saba, na moja ya hizo ni kumkaripia mtoto wa jirani. Nilibisha. Akanionyesha dakika. Tangu hapo Jumamosi nachota maji. Si kila Jumamosi, niseme ukweli, sasa nimeshakuwa mtu wa ukweli.

Akakusanya Jumatatu. Majina ya walioruhusiwa kuingia mtihani yakabandikwa ubaoni, na la kwake lilikuwamo, karibu na mwisho, lakini mwisho wa orodha nao ni orodha. Bibi alipiga vigelegele pale pale mbele ya ubao, wanafunzi wakageuka. Mimi nilimpigia mwanangu simu Namasakata, nikamwambia mwanao wa pili asubiri zamu yake, huyu bado yupo darasani. Akauliza kama palikuwa na tatizo lolote. Nikamweleza lote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ile ndoo. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Kwenye ujasiriamali ya pili mkufunzi alitaka mali za mhojiwa ziorodheshwe, na kila moja ionekane kwa macho. Tulizunguka wote wawili, mimi naonyesha kwa kidole, yeye anagusa kisha anaandika. Nakala ninayo, nairekebisha kitu kikipungua. Nilivyo navyo leo ni hivi:

Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati.
Vyumba viwili vya uani, kimoja hakijapigwa lipu.
Kiwanja hicho hicho, mpaka wake unajulikana.
Shamba la mahindi ekari mbili.
Kalibu tano, moja imepasuka.
Tanuri moja, matofali yamo ndani, hayajachomwa.
Mikorosho sita Namasakata, ya baba; hiyo binti aliiona kwao.
Kuku kumi na saba. Wawili tulichinja siku ya majina.
Mbuzi watatu.
Baiskeli moja.
Redio moja.
Ndoo nne za maji.