Boksi la Beringi

Soko huria lilituletea kompyuta hadi duka langu la spea za magari, Makambako. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu aliyekuwa akiishi nyumbani kwetu, ndiye aliyeijua, nikamwachia. Boksi la beringi lilikuja na kumi. Yeye akaiambia mashine ni nane, nami sikujua. Kila jioni hesabu ilikubali. Nikawa namsifia mjini kote!

Siku moja niliingia duka jipya la spea kule Njombe. Nikageuza beringi, nikakuta mkwaruzo wa msumari ninaouweka mwenyewe kwenye spea zangu, mteja asije akanirudishia ya kwingine.

“Usinunue Makambako, mzee,” muuzaji akaniasa. “Bosi wetu anaishi huko kwa shemeji yake. Anasema yule bwana ni mwizi.”