Kamera Iliyotia Manjano

Mpiga picha huyo mtaa mzima ulimwita Jicho, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Kila picha aliipiga ghafi, rangi zikiwa kama kamera ilivyoziona, kisha akaipitisha kwenye profaili aliyoitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, yaani kanuni ya kuiambia mashine wekundu huu uwe vipi na weusi ule uwe vipi. Kamera za dukani, alisema, hazijui ngozi zetu, zinatupaka majivu.

Wenzake walipima rangi kwa kadi yenye viraka vya rangi. Ya Jicho ilipopauka kwa jua, aliitupa, akawa anamkalisha mkewe kwenye kigoda karibu na dirisha awe kipimo chake. Ukutani ilining'inia picha ya mkewe siku walipofungua studio, anacheka, uso unang'aa. Jicho alivuta rangi mpaka uso wa kwenye kompyuta ulingane na huo wa ukutani, na profaili hiyo ndiyo aliyoipitishia picha za wateja wote.

"Hivi mimi ni mke au kadi?" mkewe alimtania.

"Kadi haina mdomo," alijibu, wakacheka.

Mwaka huu kamera ikaanza kutia manjano. Jicho akayapunguza kwenye profaili. Yakarudi, akayapunguza tena, akiilaani kamera kwa uzee. Siku hizo mkewe alichoka upesi, na mikono aliikuna mpaka ikatoka alama.

"Mwili unaniwasha, mume wangu."

"Ni sabuni hiyo. Kaa sawa, nimalize."

Kumwona alimwona kila siku, lakini macho aliyoyaamini yalikuwa ya kwenye kompyuta. Mama wa bibi harusi mmoja alipomrudishia albamu akilia kwamba mwanawe amefanywa wa bluu kama maiti, Jicho alimfokea. Mwenye macho haambiwi tazama, bwana! Profaili yake haikosei.

Aliyemfumbua macho hakujua lolote la kamera. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kuwasalimia, akaganda mlangoni na mizigo mkononi.

"Dada! Mbona macho yamekuwa manjano hivyo?"

Jicho alikimbilia kompyuta. Akaondoa profaili, akafungua picha za dirishani zilivyotoka kwenye kamera, moja baada ya nyingine. Kamera ilikuwa nzima. Manjano yalikuwa ya mkewe, yakizidi kila mara, naye ameyafuta yote.

Hospitali wakaambiwa ini limekwisha. "Mngekuja mapema," daktari alisema. Jicho alijua mapema ilikuwa lini. Picha zake anazo.

Msibani ndugu walitaka picha nzuri, wakaweka ya mwisho ambayo Jicho aliisafisha manjano. Waombolezaji waliitazama wakashangaa: mbona alikuwa mzima? Shangazi wa marehemu akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Si angesema tu?"

"Hakuficha, shangazi," Jicho akasema. "Alisema. Niliyaficha mimi."

Shangazi akamshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Huo ni uchungu unaosema."