Pikapu ya Bathsheba Yanywa Gesi

Bathsheba Nyamusi wa Suneka alijifunza kuendesha gari akiwa na watoto wanne mgongoni, kama alivyopenda kusema, na wa tano tumboni. Mumewe, Nyamweya, alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya Pijo kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao baada ya uhuru, kisha akagundua kwamba usukani unamtisha. Kila akifika kwenye kona alifumba macho. Siku alipoiingiza pikapu katika shamba la kahawa la jirani, alishuka, akajipangusa majani, akamwambia mkewe, "Mama watoto, shika huu ufunguo. Mimi nitabaki na ng'ombe."

Basi Bathsheba akaushika. Akawa ananunua ndizi Ogembo na Kenyenya na kuziuza mjini Kisii. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, na Msabato wa kweli: Jumamosi pikapu haikuguswa hata kama ndizi zinaoza.

Mwishoni mwa mwaka wa 1973 redio ikaanza kuzungumzia vita vya mbali na mafuta yaliyoadimika. Mjini Kisii petroli ilikuja leo, kesho ikakosekana. Magari yalipanga foleni hadi barabarani, na madereva wakalala humo humo ndani. Lakini ndizi haijui habari za vita. Ikiiva, imeiva.

Siku moja, akiwa amekwama mjini na mikungu inayozidi kuwa ya manjano, aliingia dukani kwa Rasiklal kununua chumvi. Rasiklal aliuza mabati, sufuria, na mitungi ya gesi ya kupikia ambayo wanunuzi wake walikuwa wachache, kwani nani angelipia moto huku kuni zipo shambani? Binamu yake aliyeishi Italia, ambako teksi nyingi ziliendeshwa kwa gesi, alikuwa amemtumia kifaa cha kufungwa kwenye injini. Rasiklal alitaka kukifunga kwenye gari lake mwenyewe, lakini mkewe, Sudha, alikataa katakata.

"Yeye afunge bomu lake," Sudha alisema kutoka nyuma ya kaunta. "Mimi na watoto tutatembea kwa miguu."

Bathsheba akacheka. "Kinafanya kazi kweli?"

"Mama, Italia yote inatembea nacho," Rasiklal akasema, macho yakimng'aa. "Ukikubali kukijaribu, mtungi wa kwanza nakupa bure."

Fundi Ondieki alikifunga kwa siku mbili, akiomba Mungu kila alipokaza nati. Mtungi mkubwa ulilazwa nyuma ya pikapu, bomba likapita chini hadi kwenye injini. Bathsheba alipowasha, pikapu ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Moshi mweusi uliokuwa ukimfuata kila mahali haukuonekana. Ondieki alinusa ekzosi, akasimama wima, akasema, "Sasa hii ni gari ama ni jiko?"

Wiki za kwanza zilikuwa za raha. Bathsheba aliipita foleni ya petroli akipiga honi na kuwapungia mkono wanaume waliokuwa wakimcheka zamani. Oili ya injini, ambayo awali ilikuwa ikigeuka lami upesi, ilibaki na rangi ya asali.

Matatizo yalikuja moja moja, kama wageni wa mazishi. Mtungi ulichukua nafasi ya ndizi nyingi. Kwenye milima pikapu ilipungukiwa nguvu, na asubuhi za baridi mtungi wenyewe ulivaa barafu nyeupe, gesi ikagoma kutoka. Ilibidi asimame kwa watu, aombe maji ya moto, aumwagie mtungi kama anayemwogesha mtoto. Tena rafiki yake Orpah, aliyekuwa akisafiri naye siku zote, alikataa kupanda.

"Dada yangu, mbinguni nataka kwenda," Orpah alisema, "lakini si kwa njia hiyo."

Siku moja gesi ilimwishia karibu na Kenyenya, pikapu ikiwa imejaa. Petroli aliyokuwa akiiweka kwa dharura ilikuwa imekwisha, na huko nani alijua gesi ni nini? Mwanamke aliyekuwa akilima kando ya barabara akamwambia kwamba masista wa misheni wanapikia moto usio na kuni. Bathsheba hakuwahi kuingia kwa Wakatoliki maishani mwake. Alijifunga leso vizuri, akabisha hodi jikoni.

Sista mmoja mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unataka jiko letu liendeshe gari lako?"

"Naomba, Sista. Nitaleta mtungi mwingine uliojaa. Na nitawaachia mikungu mnayotaka."

"Maharagwe yetu yako motoni."

"Nitayamalizia kwa kuni mimi mwenyewe."

Na kweli alikoka moto nje, akayachochea hadi yakaiva, akala nao, akasali nao pia, ingawa hilo hakumwambia mchungaji wake. Alipoondoka, masista walisimama langoni kuiangalia pikapu ikipanda mlima kwa mtungi wao. Kesho yake aliwapelekea mwingine kama alivyoahidi, na tangu siku hiyo misheni ilinunua ndizi kwake tu.

Kilichomaliza mambo ni soko la Suneka. Alikuwa ameegesha karibu na wanawake wanaochoma mahindi alipohisi harufu. Bomba lilikuwa limelegea. Bathsheba, ambaye hakuwa mtu wa kupiga mayowe, alipiga mayowe. "Zimeni moto! Zimeni moto!" Maji yakamwagwa, watu wakakimbia, naye akaurukia mtungi na kuufunga. Hakuna aliyeumia. Lakini alikaa chini palepale, kanga ikiwa imelowa, akilia, na wauza mahindi ndio waliombembeleza.

Siku iliyofuata alimrudishia Rasiklal kifaa chake.

"Nimwandikie nini binamu yangu?" Rasiklal aliuliza kwa huzuni.

"Mwambie ni kitu kizuri. Injini ilikipenda kuliko mimi. Lakini mimi siwezi kuchezea maisha ya wale mama sokoni."

Sudha alitoka nyuma ya kaunta, akamshika mkono, akamkaribisha chai. Walikuwa hawajawahi kukaa pamoja. Walizungumza juu ya watoto hadi jioni, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Petroli ilirudi kidogo kidogo, ghali kuliko zamani. Bathsheba alinung'unika kama wengine, akalipa. Mwaka wa 1978 aliiuza pikapu kwa mwalimu mmoja wa Nyamira, akapanda basi hadi Nakuru, akanunua lori dogo la dizeli, akarudi akiliendesha peke yake, akiimba nyimbo za kanisa njia nzima.