Bibi na Manju wa Redioni

Juzi mjukuu wangu aliukatiza wimbo wa ngoma kwenye simu, nikamkumbuka bibi.

Nilipokuwa mtoto, redio ya baba pale kwetu Itetemia ilipiga muziki wa Kizungu tu. Alasiri moja, ikinuka vumbi lililopata moto, ikatoa ngoma ya Kinyamwezi, na manju akaanza kuimbisha. Bibi akaacha kumenya karanga.

"Waitikiaji wake wachache," alisema. "Ataaibika huyu."

Akaitikia kwa nguvu, nami nikamfuata, nikiamini manju anatusikia na kwamba tukinyamaza atashindwa. Alipomaliza, bibi aliiambia redio, "Ahsante, mwanangu. Na kesho uje."

Leo najua ilikuwa santuri tu. Hata hivyo juzi niliurudisha ule wimbo wa kwenye simu, nikaitikia.

"Babu, unamwitikia nani?"

"Nisaidie kwanza," nikamwambia. "Tuko wachache."

Akaitikia.