Siku Kumi na Tisa za Mama

Naogopa mahakama tangu utotoni, wala sioni aibu kusema. Hata nikipita mbele ya ofisi ya mtendaji wa kata kule kwetu Kasanda nilikuwa nashusha macho kama mtu aliyeiba kuku. Lakini hofu iliyonipata Kibondo, katika chumba chenye runinga ukutani, niliitafuta mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba. Baba alimwachia mama shamba la bondeni, la mihogo na maharage, na mama amelilima tangu mimi nikiwa mgongoni. Baba mdogo akasema ni la ukoo. Baraza la ardhi la wilaya likampa yeye, nasi tukawa na siku arobaini na tano za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kabla hazijaisha, bibi yetu, aliyemzaa baba na baba mdogo, akafariki.

Katika ukoo wetu, mke wa mtoto akiwa msibani hatoki, hashiki jembe, wala hataji habari za mashamba mpaka mkubwa wa ukoo aseme matanga yameanuliwa. Na mkubwa wa ukoo ni nani? Baba mdogo huyohuyo. Mama alikaa nyumbani kwa shemeji yake huyo, wakala chungu kimoja, wakalia pamoja, na shamba halikutajwa hata mara moja. Matanga yalipoanuliwa na sisi tukakimbilia karatasi, tulikuwa tumechelewa siku kumi na tisa.

Ukichelewa, Mahakama Kuu haikuulizi shamba ni la nani. Kwanza inaamua kama ikusikilize au isikusikilize. Unaomba kuongezewa muda, unaapa, unaeleza kila siku iliyopotea, moja baada ya nyingine. Kule Kasulu ninakofundisha nilikwenda kwa bwana mmoja anayechapa nyaraka karibu na stendi. Si wakili, ila ana sauti ya wakili. Nilipomweleza habari za matanga alicheka.

"Mwalimu, na elimu yako yote hiyo? Jaji atakwambia hizo ni mila zenu. Andika mama aliumwa. Ugonjwa hauna ubishi."

Niliona haya, kama vile amenikuta nimevaa nguo nje ndani. Nikakubali.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea kiapo chake kwa Kiha, polepole. Nilipofika aya ya sita, iliyosema aliugua mgongo hata asiweze kutembea, niliiruka. Nilijidai kwamba namwepusha na wasiwasi. Ukweli ni kwamba nilijua angekataa.

"Umesoma yote, mwalimu?" aliniuliza. Tangu nipate ajira haniiti jina lingine.

"Yote, mama."

Tulipofika kwa kamishna wa viapo, akachovya kidole kwenye wino na kukibandika pale nilipomwonyesha.

Kuanzia siku ile sikuwa na amani. Simu ikilia nikiwa darasani, chaki inaniponyoka. Nikimwona askari sokoni nageuza njia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia yanayompata anayemtungia mama yake maradhi. Niliogopa jela, niliogopa zaidi shamba lisirudi, na kuliko yote niliogopa mama ajue.

Shauri lilisikilizwa Kibondo, jaji akiwa Kigoma, sura yake kwenye runinga. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani; baba mdogo alikaa benchi la upande wa pili. Alipoona ile runinga akaninong'oneza, "Ananiona?"

"Anakuona."

"Basi vizuri."

Jaji alisoma karatasi zetu, kisha akainua uso. "Mama, kiapo chako kinasema uliugua mgongo. Ulitibiwa wapi?"

Mama hakuitazama runinga. Alinitazama mimi. Mkojo ulitaka kunitoka, naapa, mimi mtu mzima mwenye watoto wawili. Nilimwomba kwa macho aseme zahanati yoyote ile.

"Mimi sikuugua, Mheshimiwa," alisema. "Nilikuwa kwenye matanga ya mama mkwe wangu. Kwa huyu hapa."

Baba mdogo akasimama bila kuitwa. "Ni kweli, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemzuia asitoke. Shemeji yangu hajavunja matanga hata siku moja." Aliyasema kwa fahari, na mpaka leo sijui kama alitambua kwamba anatusaidia.

Kwa muda mfupi nikadhani tumepona. Jaji akageuza kurasa mbele, akarudi nyuma, akavua miwani.

"Msiba huo ningeupima," alisema. "Pengine ungetosha. Lakini haumo humu. Kilichomo humu, aliyeapa mwenyewe amekikana." Kisha akasema maombi yametupwa, na runinga ikazimwa. Hakuna aliyenikamata.

Nje mama alikuwa akikung'uta vumbi kwenye kitenge, amechangamka. "Sasa watatusikiliza lini?"

"Hawatatusikiliza, mama. Imeisha."

"Imeishaje? Ameniona. Nimesema kweli, na shemeji amesema kweli." Akanisogelea, akaniita mwanangu kwa Kiha. "Mwana wanje, ile karatasi ilisema nini?"

Niliitoa kwenye mkoba. Nikamsomea tena kwa Kiha, tumesimama pale kwenye ukuta wa mahakama, watu wakipita. Safari hii aya ya sita sikuiruka. Akangoja nimalize. Hakugomba. Alikitazama kidole chake, akakifuta kwenye kitenge ingawa wino ulishatoka zamani, akasema tuwahi gari.

Baba mdogo amepanda mahindi bondeni. Mama anapita njia ya juu asiyaone. Ananipigia simu kila Jumapili kama zamani, ananiuliza habari za wajukuu, ananiombea. Lakini mwalimu haniiti tena. Ananiita kwa jina langu.