Nyumba Isiyosikia Mvua

Wapendwa, kabla ya habari ya kiharusi changu, niwaambie kwanza habari ya ng'ombe wa baba yangu. Alikuwa mwekundu, pembe moja imeinama. Enzi hizo hapa Ipyana tulilala naye nyumba moja ndefu ya mianzi, ng'ombe kule, sisi huku karibu na moto. Mama alikuwa anaziba nafasi za mianzi kwa vidonge vya udongo, anavisukuma kwa kidole gumba, lakini upepo wa ziwani ulipita tu. Giza sikuliogopa. Nilimsikia ng'ombe yule akicheua.

Mtasema mzee ameacha njia. Sijaacha.

Mwanangu Lusekelo, anayefanya kazi Mbeya, alitujengea nyumba ya tofali. Vigae chini, dari nyeupe, madirisha ya vioo ya kusukuma. Ya mianzi akaibomoa. Siku ya kuingia nilicheza mpaka kofia ikaanguka.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nakula ndizi, ikadondoka mdomoni. Upande wa kushoto ukafa. Mate yakachuruzika, nikajikojolea mbele ya mke wangu. Hospitali daktari akaniambia, "Mzee, utaishi. Lakini mguu huo ufundishwe upya, kama wa mtoto."

Nikarudishwa kwenye vigae. Mguu utajifunza nini pale? Kila mahali baridi ileile, utelezi uleule. Na mvua ya Kyela mnaijua, lakini mle ndani ilibidi niulize, "Mama Lusekelo, inanyesha?"

"Tangu asubuhi, baba."

Nililia. Kidonda cha kulala kikatoka kwenye tako, kinanuka. Nikageukia ukuta, chakula nikakataa.

Ndipo akaja Ambakisye, kaka wa mke wangu, kutoka Ndandalo. Akachungulia, akacheka. "Shemeji, wamekuzika mapema, tena na mapazia!"

Akakata mianzi, akanijengea chumba kimoja nyuma, ubavuni mwa zizi. Chini udongo uliopondwa. Wakanibeba. Upepo ukanigusa shavu. Nikanusa kakao iliyovundikwa chini ya majani ya migomba, ule uchachu wake, na mate yakanijaa, nikaomba kande.

Ng'ombe wetu alipenyeza ulimi kwenye nafasi ya mianzi, akaulamba mkono wangu uliokufa. Mara nikasikia mkwaruzo kwenye ngozi ya mkono ule, kwa mbali, kama mtu anakuna mlango wa jirani. Nikapiga kelele hata mke wangu akadhani nakata roho.

Dawa sikuacha, na mazoezi ya daktari niliyafanya. Lakini mguu ulisomea pale chini. Karibu na ukuta udongo una unyevu, mlangoni mkavu, kwenye jiko una joto. Siku nilipokwenda chooni mwenyewe, Ambakisye alinifuata akipiga vigelegele kama mwanamke.

Ndaga fijo, asante sana, kwa Mungu, kwa daktari, kwa shemeji yangu. Nanyi wenye presha, mezeni vidonge hata mkijisikia wazima. Na mnaowajengea wazazi, waulizeni kwanza wanataka kusikia nini wakiwa wamelala. Mimi sikuulizwa, nami sikusema.

Mguu ukiwa bado unajifunza, Lusekelo alikuja akiwa na mikate na sukari. Akanikuta nyuma, kitandani, ng'ombe ananipumulia.

"Tata, rudi ndani."

"Huku napona, mwanangu. Tazama." Nikainua mkono.

Hakuutazama. "Watu wanasema nimejenga nyumba ya kupigia picha, baba yangu analala na ng'ombe."

Nami nikataka acheke, masikini mimi. Nikamwambia, "Ng'ombe ananijua kuliko nyumba yako."

Mama yake akaniambia, "Ee, mume wangu!"

Lusekelo aliingia ndani, nikasikia anafunga madirisha moja moja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akatoka. Mikate akaiweka juu ya ukuta wa zizi. Akashika njia ya mikakao. Nilisimama kumfuata, mguu ukakubali hatua chache, nikamwita. Alikwenda hivyohivyo, hakugeuka, na mpaka leo hajarudi.